Mikono ya Mpaka Hina

Mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, ndipo taabu iliponishika shingoni. Baba aliangukiwa na jiwe timboni, machimboni mwa mawe kule Utange, na mama akabaki ananitazama mimi mtoto wake mkubwa. Shule nikaiachia darasa la tatu, nikapewa nyundo. Kazi ya kuponda kokoto niliijua kabla sijajua kujifunga leso sawasawa, na viganja vyangu vikaota sugu hata nikawa naipua sufuria motoni bila kitambaa. Siyasemi haya nihurumiwe. Nimekusudia kuandika habari za mikono ya mtu mwingine, na ni haki msomaji ajue anayeandika ana mikono gani.

Mtu mwenyewe jina lake silitaji. Mtaa mzima wa Shika Adabu ulimwita Mpaka Hina, kwa kazi yake ya kuwapaka maharusi, naye aliitika abee. Nilimpata jirani nilipochoka kuponda kokoto za watu, nikavuka kuja Likoni na kuanza kufyatua bloku zangu mwenyewe. Yadi yangu ilipakana na ukuta wake wa nyuma. Yeye alikuwa mtu wa pwani wa tangu na tangu, mwenye swala tano. Mimi Mgiriama wa kanisani, nimejaa vumbi la simiti mpaka kwenye nyusi. Watu walidhani hatutaelewana, na kwa kweli mwaka wa kwanza hatukuelewana. Alisema mashine yangu yamtikisia vikombe kabatini. Nikamwambia avipange chini.

Tulipatana kwa sababu ya mikono. Nilipotaka kuolewa, shemeji zangu walinipeleka kwake nipambwe. Akanishika kiganja, akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya sugu, kisha akawauliza wale wanawake kama wamemletea bibi harusi au wamemletea jiwe la msingi. Wakacheka, mimi nikataka kuondoka. Akanikamata kifundo. Mikono yake wakati huo ilikuwa laini ajabu, ngozi yaenda na kurudi juu ya mifupa kama kitambaa cha hariri, lakini kukamata alijua.

“Kaa kitako, Bi Kokoto,” akaniambia. “Hina haina haraka, na mimi sina.”

Alinikalisha kutwa. Aliloweka mikono yangu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, akaipaka mafuta ya nazi, akaisugua singo, ule msuguo wa manukato wa maharusi, akailoweka tena. Ua alilonichora lilishika kwenye sugu kuliko kwenye ngozi laini, likawa jeusi la kahawa. Tangu siku hiyo jina langu likawa Bi Kokoto, na sikuwahi kulikataa.

Kazi yake ilikuwa na sheria zake, na alizitunga yeye. Hakutumia hizi koni za plastiki mpaka uzeeni. Alitumia njiti ya chelewa, ule uti wa jani la mnazi, aliyoichonga ncha kwa wembe, moja kwa kazi nyembamba, moja kwa kujaza. Hina aliichekecha kwenye kitambaa cha leso nyeusi iliyochakaa, akaikanda kwa ndimu na mafuta ya karafuu, na kabla ya kumpaka mtu alijipaka yeye kwanza doa moja mkononi aone imeamka au bado. Bibi harusi aliyekuja amenuna hakumpaka. Alimpa chai, akamngoja. Aliyemwambia afanye upesi alimwambia aende akajipake rangi ya viatu.

Piko, ile rangi nyeusi ya dukani, aliichukia. Alisema ile si hina, ile ni dawa ya nywele, na mara mbili tatu aliwahi kufukuza wasichana waliokuja nayo kwenye mfuko. Lakini mtu huyuhuyu, msimu wa wageni ukifika, alipanda gari kwenda Shanzu kuwachora wazungu wa mahotelini vipepeo na mijusi migongoni, kwa piko hiyohiyo. Nilipomuuliza akanijibu kwamba wale si wake za watu. Sikuona jibu lilijibu nini, na yeye hakuona haja ya kuongeza.

Alikuwa hodari wa vigelegele pia. Kinywa chake kilikuwa kipana, meno yote mahali pake, na akikifungua arusini mimi nilikuwa nasikia yadini juu ya kelele za mashine. Wafanyakazi wangu walikuwa wakisema, tayari, bwana harusi kishaingia.

Sasa nije kwenye vidole vyake. Ncha zote kumi zilikuwa na hina siku zote, tangu kwenye kucha hadi pingili ya pili, imekolea mpaka nyeusi. Hakungoja ipauke. Kwao mwanamke mwenye mume hakai mikono mitupu. Anayeacha hina ni aliyefiwa na mume, amekaa eda, na mtu akimwona jirani yake mkono mkavu hupunguza sauti kabla hata ya kuuliza. Na yeye mume alikuwa naye, kwa maneno yake. Mumewe alikwenda Uarabuni kuendesha malori, watoto hawakujaliwa. Barua zilikuja, kisha simu zilikuja, kisha hapakuja kitu. Miaka ikapita kwa mafungu. Ndugu zake walimshauri aende kwa kadhi, akakataa. Hakulia, hakumtaja sana. Alijipaka hina tu. Hapo ndipo alipoyaweka matumaini yake yote, kwenye ncha za vidole, na mtaa ukayaheshimu.

Hina hiyohiyo ndiyo iliyouficha ugonjwa.

Mwanzo ulikuwa baridi. Miezi ya kusi tukivuka na feri asubuhi kwenda ng'ambo, upepo ukivuma alikuwa akiificha mikono kwapani chini ya buibui na kuuma meno. Alisema vidole vinakufa ganzi, kisha vinawaka moto. Akichukua barafu kwenye friji ya duka alirudi amekunja uso. Mtu mwingine angeona vidole vyake vinageuka vyeupe kama chaki, halafu rangi ya buluu, halafu vyekundu. Kwake hakuna aliyeona kitu, maana juu palikuwa peusi daima. Hata yeye hakuona.

Kisha ngozi ikaanza kukaza. Pete yake ilikwama, akadhani amenenepa. Mikunjo ya viungo vya vidole ikapotea, ngozi ikang'aa kama imenyooshwa kwa pasi. Usoni ikawa vivyo hivyo, wanawake wakamsifu kwamba anarudi ujana na kumtaka awaonyeshe mafuta anayotumia. Akawa anacheka kwa midomo iliyofungwa. Mimi nilijua kitu si sawa siku ya arusi moja hapo jirani, nilipongoja vigelegele vyake na nikasikia vya wenzake tu. Nilimuuliza baadaye. Akanionyesha: alifungua kinywa, kikafika nusu, kikagoma. Hata embe lilikuwa halimwingii ila kwa vipande.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Kuna waliosema jini la bahari, kuna waliosema wivu wa wapambaji wenzake, kuna waliosema ni piko ya Shanzu inamlipiza. Mwalimu wa madrasa alimwandikia kombe, aya za sahanini zilizooshwa kwa maji, akanywa, na mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa kwanza kumwambia aende pia hospitali. Mimi nilimwambia ni mishipa. Sikujua lolote, nilisema tu ili nami niwe nimesema.

Alipoanza kupanda ngazi zake tatu za kibarazani akihema, nilimchukua mwenyewe mpaka kliniki moja ya ng'ambo. Daktari alikuwa mwanamke wa bara, bado kijana, ana Kiswahili cha kukatakata lakini masikio anayo. Alimbonyeza ngozi ya mkono, akajaribu kuifinya, haikufinyika. Akataka kumweka kidoleni kile kibanio cha kupimia hewa katika damu. Kibanio hakikusoma. Akajaribu kidole kingine, kingine, akashuka miguuni, na miguuni nako hina. Mwishowe wakambana sikio.

Daktari akasema anashuku ugonjwa fulani, ila hataki kukisia. Dalili yake ya mapema, alisema, hukaa pale ngozi inapokutana na ukucha. Pale kuna vijishipa vidogo vya damu, na kwa kioo chake angeviona kama vimevimba na kukatika. Ugonjwa huo huingia mapafuni, na kwake huenda umekwishaanza. Dawa zake ni kali, hawezi kumpa mtu kwa kubahatisha. Akamwomba aende nyumbani, aiache hina ikue itoke, arudi na vidole vitupu.

Mpaka Hina alimshukuru sana. Akamwombea dua. Tulipofika kwenye feri akaniambia hatarudi pale.

Nilidhani ameogopa dawa. Wiki ile ile nikamwona amejipaka upya, imekolea kuliko zamani. Hapo nikaelewa, na mimi si mtu wa kuzunguka maneno. Nilimwambia kwamba mume aliye hai angepiga simu, na kwamba hina haimleti mtu kutoka Uarabuni. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, maana mmoja ulikuwa hautoshi tena. Akakiweka chini polepole.

“Wewe jiwe umelizoea,” akasema. “Ukilipiga likipasuka wafurahi.”

Hakunisemesha muda mrefu. Akipita yadini aliwaamkia wafanyakazi, mimi akaniruka. Nami sikumfuata kumwomba radhi, kwa sababu nililosema lilikuwa kweli na nililihitaji liwe kweli. Usiku kifua chake kilikuwa kikikohoa ng'ambo ya ukuta, kikohozi kikavu kisichotoa kitu, na mimi nikikisikia nilikuwa nazidi kukasirika.

Kilichomgeuza si mimi. Aliitwa kumpaka binti wa ukoo wa kina fulani kule Mtongwe, watu wazito. Njiti ya chelewa haikushikika tena vidoleni, akatumia koni, akiiminya kwa kiganja. Katikati ya kazi bibi harusi akauliza mbona hina imekuwa nyekundu. Haikuwa hina. Ncha ya kidole cha Mpaka Hina ilikuwa na kidonda, kimejificha chini ya weusi sijui tangu lini, kimepasuka, na damu imedondoka katikati ya kiganja cha yule msichana, juu ya ua. Kelele zilizopigwa humo ndani nilisimuliwa na watu wanne, kila mtu kwa njia yake. Damu mkononi mwa bibi harusi! Mama mtu alimwosha binti yake kwa maji ya waridi, na hakuna aliyemtukana Mpaka Hina, jambo ambalo naona lilimwuma zaidi. Walimfunga kidole kwa kitambaa safi, wakamwita mpaka hina mwingine.

Kesho yake alikuja yadini. Akasimama mbele ya rundo la mchanga kama mteja. Akaniuliza hina ya kucha yachukua muda gani kutoka. Nikamwambia yeye ndiye ajuaye. Akasema, basi yachukua kitambo. Akakaa juu ya bloku, nikamletea maji, tukaanza tena kusemezana.

Miezi ile nilimwona akikatwa kucha kidogo kidogo, weusi ukisogea mbele na chini yake pakichomoza kitu ambacho hakuna aliyekiona tangu alipokuwa mwari. Ngozi ya ncha za vidole ilianza kuonekana ilivyo: imebana, imepauka, imetoboka matundu madogo kama iliyochomwa sindano. Na mtaa nao ukaona. Nilikuwa kibarazani kwake siku walipokuja. Wanawake watatu wakubwa, wamejitanda leso, wamebeba sukari na mchele, sauti zao za chini. Mkubwa wao akamshika bega na kumwambia Mola ampe subira, sote ni wa Mwenyezi Mungu. Walikuwa wameona mikono. Walidhani habari imekuja kutoka Uarabuni.

Mpaka Hina alitazama sukari, akatazama mchele. Angeweza kuwaacha waamini. Angeweza kuikunja mikono ndani ya buibui na kuwaambia ni sabuni imeichubua. Akainyoosha mbele yao, yote miwili, vidole havinyooki sawasawa.

“Sijafiwa,” akasema. “Naumwa.”

Yule mkubwa akaketi, akaichukua mikono ile na kuitazama, kisha akasema kwa upole kwamba sukari hata mgonjwa hunywa. Ikapikwa chai.

Tulirudi kwa daktari. Akaweka kioo kwenye ukucha, akaniita nami nichungulie. Niliona vijinyuzi vyekundu, vingine vimefura kama minyoo, vingine vimekatika, na baina yake mahali patupu. Akautaja ugonjwa kwa jina: skleroderma. Nikamwambia anieleze kwa maneno ya mtu aliyeishia darasa la tatu, na asinidanganye.

Akaeleza. Ndani ya damu kuna chembe nyeupe, na kazi yake ni ulinzi. Ni za aina nyingi. Ziko zinazokagua kila kinachopita na kuamua huyu wetu, huyu mgeni. Ziko zinazotengeneza kingamwili, vitu vinavyomnasa mgeni asiponyoke. Ziko zinazomeza uchafu na mabaki. Mahali pakiumia, chembe hizo hufika kwanza, kisha hutoa ishara kuwaita mafundi wa ngozi, ambao ni chembe nyingine, waje wazibe kwa nyuzi ngumu. Kidonda kikifunga, wanaambiwa basi. Kwa mgonjwa huyu, alisema, walinzi wameanza kuukagua mwili wake mwenyewe na kuuona mgeni. Wanavishambulia vijishipa vya damu, na wanaendelea kuita mafundi pasipo jeraha. Mafundi wanafika, wanaweka nyuzi juu ya nyuzi, kwenye ngozi, kwenye mapafu. Akaongeza kwamba maradhi haya yana ndugu zake. Uko ugonjwa mmoja ambao walinzi haohao humtoa mtu vipele mashavuni akipigwa na jua na kumla viungo.

Nikasema nimeelewa. Ni nyapara mlevi. Anapiga filimbi kutwa, watu wanaleta simiti, wanapiga lipu juu ya lipu mpaka chumba kinakuwa ukuta mtupu.

Daktari akasema nusu ni hivyo, lakini nyapara huyo si mlevi. Yuko macho kabisa, na anaamini anafanya kazi yake.

Mpaka Hina alikuwa akitazama vidole vyake kama vya mtu aliyekutana naye njiani. Akauliza jambo moja tu: kama ni hina iliyomdhuru. Daktari akasema hapana, hina ya majani haikumfanya lolote, ilificha tu. Chanzo hawakijui chote. Akauliza tena kama mikono itarudi. Daktari akasema iliyokwisha kukakamaa hairudi ilivyokuwa, dawa ni za kumtuliza nyapara asiendelee mapafuni. Na nyapara akitulizwa, mwizi wa kweli naye hupata mlango, kwa hiyo akae mbali na wenye vikohozi na homa ikimpata aje mbio. Ruhusa ya hina alimpa, ila ncha za vidole aziache wazi siku zote, awe anaziangalia.

Dawa zilimsaidia pumzi. Kikohozi kilipungua, alizipanda zile ngazi tatu, akasali kwa kusimama tena. Tulipata miaka. Hakupaka tena bibi harusi, ila walimletea wasichana awafundishe, akikaa kwenye mkeka na kuwanyooshea kwa kiwiko makosa yao. Ukali haukupungua. Mumewe hakumtaja, wala kwa kadhi hakwenda. Kinywa kilibaki kidogo. Siku moja kwenye arusi alijaribu vigelegele, ikatoka sauti kama ya filimbi iliyoziba, akajicheka mwenyewe mpaka machozi.

Mara ya mwisho ya maana tulikaa kibarazani kwake wakati wa kusi, mikono yake nimeifunika kwa blanketi. Mapafu yalikuwa yameanza tena kumsumbua na alijua. Akanituma kabatini nilete bakuli la hina na ile njiti ya chelewa ya kazi nyembamba. Akatoa kiganja cha kushoto. Nikamwambia aite mmoja wa wasichana wake. Akasema wale wachora vizuri, hataki vizuri, anataka nichore mimi.

Mkono uliofyatua bloku maisha yake yote haushiki chelewa. Nilitokwa na jasho kwenye ule upepo. Aliniongoza kwa sauti, inua, tua, usikwaruze, hiyo si nyundo. Nilichora ua moja, na ncha za vidole sikuzigusa. Kiganja chake kilikuwa kigumu kuliko changu. Nilipomaliza akakileta karibu na uso.

“Bi Kokoto, hili ni nini?”

“Ua.”

“La wapi?”

“La timboni.”

Alicheka kwa kile kinywa kidogo, kisha akafunga macho na kuuacha mkono wazi upate kukauka. Akaniambia hapo zamani alikuwa akipaka ili mtu fulani akirudi amkute yuko tayari. Hili, akasema, ni langu.

Alifariki kabla ua lile halijapauka. Mimi si wa dini yake, sikuingia alikooshwa. Nilikaa nje na wanawake wa mtaa, nikawasaidia kuchota maji. Waliotoka ndani walikuwa wakiulizana kwa chini ni nani aliyemchora marehemu ua bovu namna ile, yeye aliyekuwa bingwa wa Likoni nzima. Nikawaambia ni mimi.

Nilianza na nyundo ya kupewa. Leo nina yadi moja ya bloku Shika Adabu, yenye hati. Mashine mbili za kufyatulia, moja mbovu. Nyumba ya vyumba sita, vinne vina wapangaji. Kisima. Mbuzi watano. Biblia ya Kigiriama na miwani ya kuisomea. Njiti moja ya chelewa, imeiva hina mpaka katikati. Mikono miwili, ina sugu, inakunjika.